Pua ya Mama Linet na Membreni Kumi na Nane

Leo, Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025, Roselyne Bosibori Getange anavua aproni yake ya mpira baada ya kuitumikia Karakana ya Membreni ya Shueib na Wanawe, hapa Keroka, kwa miaka ishirini na miwili na miezi miwili. Mkataba ulimruhusu kukaa hadi atimize miaka sitini. Anaondoka akiwa na hamsini na saba. Barua yake ya kustaafu inasema "kwa hiari, kwa sababu za kiafya". Stejini, kwenye matatu, wanasema mengine. Wanasema mama aliyekuwa sifa ya karakana hii alipitisha membreni chafu, kijiji kizima cha pwani kikakosa maji, naye akafukuzwa kwa heshima ili tusiaibike.

Meneja wetu, Uzair, aliniomba niandike ukurasa huu wa programu ya kumuaga, uwe mfupi na wa kuchangamsha. Nimeshindwa masharti yote mawili. Jina la mtu linatoka langoni leo likiwa na doa, nami najua doa hilo lilivyoingia, kwa hiyo wageni wanivumilie. Mimi ni Fred Osoro, karani wa vyeti. Kwa miaka kumi na mmoja nimekaa hatua nne kutoka meza yake.

Watu wa Ikonge, kijijini kwake, waliokuja kumchukua mtu wao wamekuwa wakiulizana tangu asubuhi: Keroka na bahari, wapi na wapi? Jibu ni malori. Lori linaloteremsha ndizi na majani ya chai Mombasa hurudi tupu, na dereva anayerudi tupu hubeba chochote kwa bei ya kirafiki. Marehemu Mzee Shueib, mfanyabiashara wa Kisii mjini, alikuwa na kiwanda kidogo cha maji ya chupa hapa. Maji ya chupa yalimfia mikononi kwa miaka miwili. Akabaki na matangi, pampu, meza za kuoshea na ukaidi wake. Mpwa wake aliyekuwa akihudumia hoteli za pwani akamwambia kwamba huko wanatupa membreni kila mwaka, na kwamba maji laini ya milima yetu yangefaa sana kuziosha. Biashara ikaanzia hapo.

Membreni ni bomba lenye urefu wa mita moja, ndani yake karatasi nyembamba zimeviringishwa kwa kubanwa sana. Mtambo husukuma maji ya bahari kwa nguvu kupitia karatasi hizo. Chumvi hubaki upande mmoja, maji matamu hupita upande wa pili. Shida ni kwamba bahari ina uhai. Vijidudu hupenya, hujishika kwenye karatasi, huzaana na kujijengea ute unaoteleza kama maji ya mlenda. Ute ukinenepa, pampu huhema, umeme huliwa, maji hupungua, na mwisho membreni hutupwa. Kazi yetu ni kuuondoa ute huo na kuwafundisha wenye mitambo jinsi ya kuuzuia usirudi.

Mama Linet, kama tunavyomwita wote, aliajiriwa Juni 2003 kupiga deki. Siku hizo mafundi walianza kuosha kwa asidi, kwa sababu asidi ni kali na wanaume wanapenda kitu kikali. Ute ukawa unakazana badala ya kutoka. Wiki ya tatu ya kazi yake aliegemeza ufagio ukutani akawauliza mafundi kama wamewahi kukamulia limau kwenye maziwa. "Hiyo mnagandisha," aliwaambia. "Anzeni na ile dawa ya kuteleza kama sabuni, asidi ije nyuma." Walicheka sana. Mzee Shueib alicheka pia, lakini alikuwa mtu wa kujaribu: akaosha membreni mbili upande kwa upande, moja kwa desturi ya mafundi, moja kwa desturi ya mpiga deki. Jumatatu iliyofuata Mama Linet alipewa aproni, na ufagio akapewa aliyecheka kuliko wote. Ndugu huyo yumo hapa leo na hatutamtaja, ingawa amevaa tai ya kijani.

Jambo lake la pili lilimchukua miaka mitatu na daftari nne za mistari. Aliandika kila membreni iliyokuja: imetoka mtambo gani, inatiwa dawa gani, ute una unene gani. Akagundua kitu ambacho wengi wetu tungekipita. Mitambo iliyomimina klorini kila siku ndiyo iliyoleta ute mnene kuliko mingine. Klorini inaua vijidudu vingi, ndiyo, lakini pia inavunjavunja uchafu wa bahari ukawa chakula chepesi. Kisha lazima iondolewe kabla ya kufika kwenye membreni, maana huitoboa. Basi wale wachache waliookoka wanafika mahali mlinzi hayupo na meza imeandaliwa. Mama Linet hakuwa na maneno ya chuo kikuu. Alisema tu kwamba ukitaka mgeni asikae, usimpige, mnyime chakula.

Na chakula kingine tulikuwa tunakiuza sisi wenyewe. Dawa ya kuzuia ukoko wa chokaa kwenye membreni, iliyokuwa ikitoka hapa kwa mapipa, ilikuwa na fosfati. Yeye ni mkulima wa chai, fosfati anaijua kwa jina la shambani. Aliingia ofisini kwa Mzee Shueib na pipa la dawa hiyo akilibingirisha kwa mguu, akamwambia, "Mzee, hii ni mbolea. Tunawapelekea wale wadudu mbolea, halafu tunashangaa wakimea." Mzee alikasirika siku mbili. Siku ya tatu akaacha kuiuza. Mitambo miwili ilikubali ushauri wote: ikaacha klorini ya kila siku, ikajenga vichujio vya mchanga vya kupitisha maji polepole ili vijidudu vyema vile chakula chote nje, kabla maji hayajafika ndani, na ikabadilisha dawa. Membreni zao zilizokuwa zikija kuoshwa kila wiki nane zikaanza kuja baada ya miezi saba. Ni wafanyakazi wachache duniani wanaoifanya kazi yao vizuri hadi kazi yenyewe ipungue.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa pua. Membreni iliyooshwa inaweza kupita kipimo cha chumvi na kipimo cha mtiririko, na bado ikabaki na ute kidogo uliojificha katikati, na ule kidogo ndio mbegu. Kuotesha vijidudu maabara ya Kisii huchukua siku tano, na lori huondoka kila Alhamisi. Mama Linet aliinama kwenye mdomo wa bomba, akafumba macho, akavuta pumzi moja. Safi aliipiga kofi. Chafu aliisukuma irudi kwenye tangi. Mwaka 2015 aliinusa membreni moja akatuambia tupige simu pwani, tuwaulize ni nani anayepara samaki karibu na bomba la kuvutia maji. Walikasirika, wakaenda kuangalia, wakarudi kwenye simu wapole. Uzair alipochukua uongozi baada ya baba yake alianza kuandika kwenye vyeti, "Imepitishwa na R. Bosibori", na wateja wakawa wanauliza saini hiyo kabla ya kuuliza bei. Mwaka 2019 tulinunua kifaa cha kupima vijidudu kwa dakika chache. Kilikaa ndani ya sanduku lake hadi dawa zake zikaharibika kwenye friji, karibu na maziwa ya chai. Nani alihitaji kifaa, na pua ipo?

Kikulacho ki nguoni mwako. Dawa ya mwisho tunayotia kwenye tangi, ile ya kuua vijidudu vilivyosalia, ina mvuke unaochoma. Mwaka 2018, barabara ilipokuwa ikitengenezwa, tuliziba madirisha ya chumba cha kuoshea kwa sababu ya vumbi. Barabara ikaisha, madirisha yakabaki yamezibwa. Barakoa zilikuwepo, vichujio vyake vilikuwa vimepitwa na tarehe, na anayevaa barakoa hawezi kunusa. Kwa hiyo mtu aliyetakiwa kukaa mbali kuliko wote na ule mvuke ndiye tuliyemsogeza karibu kuliko wote, bila barakoa, miaka mitano. Naona uchungu kuiandika sentensi hiyo, lakini ni ya kweli.

Niligundua Agosti 2023, wakati wa chai ya saa nne. Mpira wa gesi ya jikoni ulichomoka, gesi ikajaa kwenye ukumbi wa kulia. Sote tulikimbia tukigongana mlangoni. Mama Linet alibaki amekaa, anachovya mkate kwenye chai, akishangaa watu wazima wanakimbizana kwa nini. Watu walidhani ni ujasiri, na kisa hicho bado husimuliwa hapa kwa kicheko. Mimi nilirudi kumshika mkono, nikamwangalia usoni, naye akajua nimejua.

Jioni ile aliningoja kwenye kabati la vyeti. "Sisikii harufu, Fred," alisema. "Hata maziwa yakichacha, mpaka Linet anionjee. Daktari wa Kisii amesema hiyo mishipa imekufa." Linet, binti yake, alikuwa ndiyo kwanza anaingia chuo cha uuguzi. Mama aliniomba kitu kimoja, nisiseme. Nami sikusema. Nilijiambia ni huruma. Sehemu yake ilikuwa huruma, na sehemu yake ilikuwa kwamba vyeti ndivyo mkate wangu, na vyeti bila pua ile vingekuwa karatasi.

Siri hiyo ilidumu mwaka mmoja na nusu. Kisha Februari mwaka huu zikaja membreni kumi na nane kutoka mtambo wa kijiji kimoja cha kisiwani, pwani ya kaskazini. Huko hakuna hoteli. Kuna kaya mia mbili na zahanati, na visima vya maji ya chumvi yanayowaumiza watoto matumbo. Mtambo ule unaendeshwa na mtu mmoja, mwanamke anayeitwa Ladan, ambaye alikuwa akitupigia simu mara kwa mara kuuliza maswali na kumsalimia mama. Hawakuwahi kuonana. Mama Linet alimfundisha kwa simu jinsi ya kujenga kichujio cha mchanga, na Ladan alimtumia picha za mikono yake ikiwa na malengelenge.

Membreni kumi na nane zilioshwa, zikapitishwa, zikapanda lori la Alhamisi tarehe 13. Siku ya kumi na tisa baada ya kufungwa kwenye mtambo, pampu ya Ladan ilianza kuhema. Ute ulikuwa umerudi kutoka ndani, kutoka kwa mbegu tuliyoiacha sisi. Maji yakashuka hadi theluthi moja, kisha yakakatika. Kwa siku kumi na moja watu wale walirudi kwenye visima. Kamati ya maji ilikutana, ikasoma cheti chetu kinachosema membreni ni safi, ikaamua kwamba basi kosa ni la mwendeshaji. Ladan alisimamishwa kazi kwa kutosafisha mabomba. Alikuwa ameyasafisha kila siku na kuandika.

Tulizipata habari hizo kwa simu, Jumamosi. Jumatatu asubuhi Mama Linet alipanda ngazi hadi ofisini kwa Uzair na kuniita niende kama shahidi wa maandishi. Alisimama, hakukaa. "Mimi ndiye nilipitisha," alisema. "Pua yangu imekufa tangu mwaka juzi na nimeficha. Huyo msichana hana makosa. Andikeni barua leo." Uzair aliinamisha kichwa kwenye meza. Ni mtu mwema na kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa kama anaumwa. Cha pili kilikuwa kama kuna mtu mwingine aliyejua. Mama Linet akajibu kwamba hakuna.

Barua iliandikwa siku hiyo hiyo. Iliondoa lawama kwa Ladan, ila haikumrudishia nafasi yake, kwa sababu kamati ilikuwa imeshamweka mwingine. Mara ya mwisho tulisikia anafundisha watoto kuhesabu katika chumba cha msikiti. Kisiwani maji yalirudi baada ya sisi kupeleka membreni mpya. Hapa karakanani madirisha yalifunguliwa, feni mbili zikafungwa, barakoa zikaja na vichujio vyake, na kile kifaa kikatolewa kwenye sanduku na kununuliwa dawa mpya. Natasha, fundi wetu mpya, anakitumia vizuri, na hakuna membreni inayoondoka bila namba ya kipimo chake. Mageuzi hayo yote yana jina la Roselyne Bosibori ingawa halijaandikwa ukutani. Ilimbidi avunjike ndipo tufungue dirisha.

Nilimtembelea Ikonge mwezi wa sita, alipokuwa kwenye likizo yake ya mwisho. Mvua ilikuwa imenyesha juu ya chai iliyochumwa asubuhi, na kila mtu wa huku anajua uzuri wa harufu ile. Alisimama mlangoni akaniuliza kama inanukia. Nikamwambia inanukia. Akasema, "Mbuya mono," yaani vizuri sana, akaingia ndani kuweka maji jikoni. Nilirudi Keroka nikiwa sina raha na chochote.

Programu hii ingepaswa kuishia kwenye shukrani, na shukrani zinakuja. Lakini kuna mambo ambayo hayamo kwenye barua wala kwenye faili.

Tangu Septemba 2023 Mama Linet hakuwa akipitisha membreni kwa kubahatisha. Alikataa. Alibadili nia, akasema atamwambia Uzair kila kitu, na mimi ndiye niliyemzuia, kwa kumpa wazo ambalo lilionekana jepesi siku ile. Nilimwambia nitakuwa pua yake. Miaka tisa nilikuwa nimesimama karibu naye, nilijidai nimejifunza. Basi yeye aliinama kwenye mdomo mmoja wa bomba kama kawaida yake, mimi nikisimama kwenye mdomo wa pili na rejista mkononi. Ikiwa chafu nilibonyeza kitufe cha kalamu asikie mlio. Ikiwa safi nilinyamaza, naye akaipiga kofi. Wateja walikuja kutazama na kupiga picha.

Jumatano tarehe 12 Februari nilikuwa na mafua. Asubuhi ile nilikaanga vitunguu na sikusikia kitu. Lori lilikuwa limefika mapema, Uzair alikuwa akiuliza kila robo saa, nami niliona haya kusema kwamba pua ya kukopesha nayo imeziba. Kwenye membreni ya sita Mama Linet aliinua kichwa akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Fred, uko sawa?" Nikamjibu niko sawa. Aliniamini. Nilisimama pale mara kumi na nane na sikubonyeza kalamu hata mara moja.

Siku ya kuungama, tulipokuwa tukishuka ngazi kutoka kwa Uzair, nilijaribu kurudi juu. Alinishika mkono wa shati. "Tiga, acha," aliniambia. "Wewe uko na miaka ishirini mbele na watoto wadogo. Mimi nilikuwa naenda tu. Nyamaza." Nilinyamaza. Nimenyamaza miezi mitano, nikala chakula cha mchana kila siku huku stejini wakimsema, na mara moja, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa pamoja nao.

Uzair atausoma ukurasa huu wakati mmoja na ninyi, kwa sababu niliupeleka mwenyewe kwa mpiga chapa. Ataamua la kunifanya. Asubuhi ya leo nimeituma barua kwa kamati ya maji ya kisiwa, na nyingine kwa Ladan, zikisema haya haya bila kupunguza.

Mama Linet, karakana hii inakushukuru kwa limau na maziwa, kwa daftari nne, kwa pipa ulilolibingirisha, na kwa kuwa wa kwanza kupanda ngazi. Ulitupa zaidi ya tulichostahili kuchukua, na tulichochukua hatuwezi kukirudisha. Nenda Ikonge ukapumzike kati ya watu wako, Mungu akupe siku nyingi na mwili wenye amani. Usinikasirikie kwa kutokutii. Jina lako ni safi. Chafu ni hili lililo hapa chini.

Fred Osoro, karani wa vyeti